Pursanti ya Prefe

Tuanzie ku poda, juu mambo hii yote ilianza kuharibika ku poda.

Hapa kwetu Kolwezi, mutoto akipita egzetat, ule mutihani ya Leta, ya serikali, yenye kumaliza sekondari, tunamumwangia poda nyeupe. Ku kichwa, ku mabega, mu shati, mpaka inabaki paka macho na meno. Kisha anazunguka mu kartye nzima, bamama banapiga bigelegele, na hata mutu mwenye hana mutoto ku masomo anaingia mu ngoma. Lakini kuko sheria moja, na hata mulevi ya soko anaijua: poda inakuja nyuma ya mesaji. Leta inatuma matokeo mu telefone, unasoma pursanti, namba yako ku mia, unalia, unaruka, njo unafungua kikopo. Mutoto hapewi jina mbele ya kuzaliwa.

Sasa Tata Kalumba, ule mwenye depo ya kununua madini ku barabara ya Kapata, alimumwangia mutoto yake Dimitri poda mbele ya mesaji. Mbele sana! Na fanfari juu yake: tarumbeta, ngoma, magari yenye kupiga honi sawa siku ya ndoa. Mi nilikuwa ku meza yangu ya samaki, kisu mu mukono. Niliuliza rafiki yangu Jocelyne, mwenye kuuza nyanya pembeni yangu:

«Aka! Egzetat ilishatoka?»

«Hapana, Mama Kapinga. Banasema prefe alishatoa pursanti ya Dimitri. Makumi munane! Banasema eko na kiti ku medsin, atakuwa munganga.»

«Prefe? Tangu lini prefe njo Leta?»

Jocelyne alicheka mpaka nyanya zilimuanguka. Mi pia nilicheka, juu nilizani ni wazimu ya batu benye feza, haituangalie shi.

Kumbe ilikuwa inatuangalia sana. Ule prefe Ruffin njo mukubwa ya masomo, ya shule ya kule Kapata, na mutoto yangu Jémima alikuwa anamaliza kemia na biolojia paka mu ile klase ya Dimitri. Jémima anataka kuwa munganga. Si kama batoto bengine benye banataka leo munganga, kesho muimbaji. Ule, tangu eko mudogo, nikimuambia atoe matumbo ya samaki, anaipanga juu ya meza: «Mama, hii ni ini. Mama, hii ni moyo, angalia, iko na mulango ndani.» Bakliya benye kununua banangojea, yeye anafundisha. Nilikuwa ninapiga kelele: nilikutuma kusafisha samaki, haukutumwa kumupasua sawa ku hospitali! Lakini ndani ya roho yangu nilikuwa ninasikia raha, mnisamehe.

Tunaikala Kasulo. Batu ba Kasulo bananielewa nikisema mutoto yangu alisomea juu ya kelele. Chini ya nyumba ya jirani kuko shimo, na ile shimo haikubaki chini ya nyumba ya jirani, ilikuja kututembelea. Unaikala mu sebule, unasikia byuma inagonga chini ya miguu, to, to, to, bakrezeri banachimba madini. Jémima alikuwa anaweka pamba mu masikio, anafungua kitabu. Bwana yangu, Tata Beya, ni muzamu, analinda usiku ku mulango ya karyeri moja ya madini, upande ya Mashamba. Akirudi asubuhi ku kazi, anamukuta mutoto alishaamka, eko anasoma. Anamuwekea chai pembeni bila kusema kitu. Beya si mutu ya maneno. Maneno ya nyumba yote, njo niko nayo mi.

Basi, mesaji ilitoka. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, soko imejaa. Jémima alikuja mbio, telefone mu mukono, alininyooshea juu ya samaki. Niliogopa. Niliichukua, macho yangu haione muzuri herufi kidogo, nilimupa Jocelyne.

«Makumi saba na munane,» Jocelyne alisema. Kisha alipiga kelele: «Yooo! Makumi saba na munane! Mutoto ya Kasulo!»

Tatu wanyi! Sijui nani alileta poda. Nilimumwangia mpaka alianza kukohoa. Nilijimwangia mi mwenyewe, nilimwangia Jocelyne, nilimwangia hata mutu mwenye alikuja kununua samaki, alikasirika kidogo kisha alianza kucheza. Siku ile sikuuza kitu na sikujali.

Ile siku paka ile, mesaji ya Dimitri pia ilifika. Alianguka. Hata diplome hakupata. Tata Kalumba alizungusha habari kama ni rezo ya telefone ilikosea. Rezo! Kolwezi yote iliona ule mutoto na poda mbele ya wakati, sasa rezo njo iko na makosa.

Kesho yake nilimuambia Jémima: «Usinawe. Tunaenda ku fakulte vile vile, bakuone.» Njo desturi: haunawe mpaka umalize kusalimia batu, na mi nilikuwa bado sijasalimia fakulte. Tulipanda pikipiki, poda inaruka nyuma yetu, batu banatupungia mikono mu barabara.

Ku fakulte ya medsin tulikuta Madame Stéphanie, mwenye kazi ya kuandikisha banafunzi. Alituangalia kutoka ku kichwa mpaka ku miguu.

«Munawe kwanza. Munachafua sima ya chini.»

«Tutanawa, Madame. Kwanza andika mutoto. Beya Jémima, medsin.»

Alitazama mu ordinateri, ile kompyuta ya majina. «Haiko.»

«Atakuwa mule namna gani na mesaji ilitoka jana?»

Njo alituelezea, bila kutuangalia. Batoto ni mingi, biti ni kidogo. Mwaka hii, fakulte haikungojea Leta. Mu mwezi ya tano balibaomba maprefe ba masomo yote: kwa kila mutoto mwenye anataka medsin, muandike pursanti yenye munazani atapata. Kutoka makumi saba kuenda juu, mutoto anapata kiti. Chini, hapana.

«Prefe yako alikuandikia makumi tano na ine,» alimuambia Jémima.

Jémima alimuwekea telefone mbele ya macho. «Nilipata makumi saba na munane.»

«Ninaona. Lakini biti bilishajaa.»

«Na Dimitri Kalumba?» niliuliza.

«Eko na kiti. Prefe alimupa makumi munane.»

«Alianguka, Madame! Hana diplome!»

«Atarudilia mutihani mwaka ingine. Kiti yake itamungojea.»

Nilisikia damu inapanda mu kichwa. Yaani kiti itaikala bule mwaka muzima, inamungojea mutoto mwenye alianguka, na mwenye alipita arudi nyumbani akauze samaki ya tomson! Nilipiga meza, poda ilimwangika juu ya ordinateri. Madame aliita muzamu. Jémima alinishika mukono: «Mama, tuende kwa prefe kwanza.»

Prefe Ruffin tulimukuta mu biro yake, suti nyeusi, ventilateri inazunguka. Alisimama na furaha yote.

«Mama Kapinga! Jémima! Pongezi kubwa! Masomo yetu inajivunia!» Alinyoosha mukono kutoka mbali, aliogopa poda.

«Prefe, ulimuandikia makumi tano na ine. Juu ya nini?»

Mukono ilirudi. Aliikala pole pole.

«Mama, ile haikuwa points. Ile ilikuwa kukadiria tu. Mi ninaangalia mutoto, lakini ninaangalia tena na mafasi anatoka. Tangu niko hapa, hakuna musichana ya Kasulo mwenye alipita makumi sita ku Leta. Sasa fakulte inaniamini. Nikiandika juu na mutoto anaanguka, mwaka ingine habataniamini tena, na batoto bote batalipa.»

«Prefe,» Jémima alisema na adabu yake yote, «mu bilete yangu ya points ya mwaka nilikuwa na ngapi?»

«Makumi saba na tano. Ulikuwa wa pili, sikatai. Lakini bilete ni kitu moja, Leta ni kitu ingine. Egzetat inatisha. Batoto ba kule, kelele, mashimo, mama ku soko... bengi banavunjika siku ya mwisho.»

«Na Dimitri, mwenye hakuwa hata mu kumi ba kwanza?»

«Dimitri eko na balimu ba nyumbani, eko na biro yake ya kusomea, eko na kuran ya umeme saa yote. Mutoto ya vile, kwa kawaida, anapita.»

«Alianguka,» mi nilisema.

«Njo mi pia nilishangaa.»

«Ulishangazwa na mutoto moja mwenye alipita, ulishangazwa na ingine mwenye alianguka, na bado unaitwa mutu mwenye kukadiria? Prefe, haukuandika Jémima. Uliandika Kasulo! Na upande ingine haukuandika Dimitri, uliandika depo ya baba yake!»

Alitoa kitambaa, alijipanguza ku paji. Nilimuomba kitu moja tu: apige simu ku fakulte, aseme alikosea. Alitikisa kichwa. «Nikigeuza moja, bazazi bote batapanga mulolongo hapa inje. Prefe akisema, alishasema.» Nilimuangalia nikakosa tusi ya kutosha. Mi, Kapinga! Nilitoka bila kufunga mulango.

Ilibaki mukubwa ya fakulte, doyen mwenyewe. Balitungojesha siku mingi mbele atupokee. Ni mutu ya sauti kidogo, mwenye kusema pole pole, na mutu ya vile unamuogopa kupita mwenye kupiga kelele. Alisikiliza yote, aliangalia mesaji, aliangalia bilete. Kisha alisema:

«Mama, egzetat tunaijua bote. Kila mwaka maswali inatembea mu WhatsApp mbele jua itoke. Mutoto anakuja hapa na makumi munane, na hajue ini iko upande gani. Mwalimu anaishi na mutoto miaka na miaka. Njo maana tuliamua kubaamini balimu.»

Nitasema ukweli, haikuwa maneno ya bule. Maswali inatembea, kweli, hata mi ku soko niliisikia. Lakini niliuliza: «Basi ule mwalimu mwenye aliishi na Dimitri miaka na miaka, hakumujua?»

Doyen alikohoa. Alifikiri kidogo. «Sikiliza. Nitakusaidia. Mutoto akuje juma hii, peke yake. Nitamupa mutihani fupi mbele yangu na maprofesa babili. Akipita, nitamutafutia kiti. Hii ninaifanya juu yako, mama.»

Nilishuka mu kiti, magoti ilikuwa karibu kugusa chini. «Asante, doyen! Mungu akubariki, akubarikie na batoto...»

«Hapana,» Jémima alisema.

Nilizani sikusikia muzuri. Doyen pia. «Mutoto anasema nini?»

«Ninasema hapana, tata doyen. Mutihani nilishafanya. Bale benye baliingia na pursanti ya maprefe, bao batafanya hii mutihani?»

«Bale balishapokelewa.»

«Balipokelewa juu ya mutihani gani?»

Doyen alinirudishia bilete.

«Kama batafanya bote, nitaikala pamoja na bao,» Jémima alisema. «Peke yangu, hapana. Nikifanya peke yangu, ni sawa niliiba na ninakuja kujitetea. Mi sikuiba.»

Doyen alisimama, alifungua mulango. «Basi hakuna kitu naweza kufanya.»

Yo! Mu barabara nilimutukana ule mutoto mpaka batu balisimama kusikiliza. Nilimuambia: kichwa ngumu! Mutu anakufungulia mulango, we unaupiga teke! Mutihani fupi, yenye ungepita macho yamefungwa! Utauza samaki na mi mpaka uzeeke, na usinililie! Nilikuwa ninalia mi mwenyewe, kwa hasira, mafua inatoka, aibu yote. Jémima alitembea pembeni yangu. Tulipofika karibu na nyumba njo alisema: «Mama, nikikubali leo, mwaka ingine kila mutoto ya Kasulo ataambiwa afanye mara mbili. Na bao bengine mara moja. Ao bila kufanya.»

«Mi sikuzaa kila mutoto ya Kasulo! Nilikuzaa we!»

Niliingia ndani, nilimuhadisia Beya yote, nilingojea amugombeze. Beya alikuwa anafunga biatu yake ya kazi. Alimaliza kwanza kufunga kamba zote, nilitaka kumurushia sahani.

«Baba yangu,» alisema, «alikuja hapa kutoka Kasai, kijana, alikuwa fundi ya kuunga byuma. Kila mukubwa mupya mwenye alikuja ku kompani, alimuambia: Beya, unga hizi bipande mbili, nione kama unajua. Bengine habakuambiwa. Yeye tu, juu alitoka mbali. Na aliunga. Kila mara aliunga, akasema asante. Mpaka pension. Na hakuna hata moja mwenye alimuamini.» Alisimama, alichukua kofia. «Mutoto asiunge.»

Alienda ku kazi. Nilibaki na ile maneno mu sebule, na to, to, to chini ya sima. Hasira haikunitoka. Lakini ilibadilisha njia, ilianza kutembea kuelekea fakulte.

Siku ya kufungua masomo, tulifika mbele ya batu bote, mi na yeye. Alivaa shati nyeupe yenye nilipiga pasi usiku. Ile sali kubwa, chumba ya kufundishia ya mwaka ya kwanza, madirisha yake haina vioo, paka byuma. Ku kila kiti balibandika karatasi ya jina. Jémima alipita mulolongo kwa mulolongo, alisoma, alisoma, alipata: Kalumba Dimitri. Aliikala. Alifungua kitabu. Mi nilibaki inje ku dirisha, nilishika byuma na mikono mbili.

Banafunzi baliingia. Madame Stéphanie aliingia na daftari ya majina. Alianza kuita. Alipofika:

«Kalumba Dimitri.»

«Beya Jémima. Niko,» mutoto yangu alijibu.

Batoto balicheka. Madame aliinua macho, alimuona, alitoka mbio bila kumaliza. Alirudi na doyen. Nyuma yao, kumbe, Tata Kalumba pia alikuwa anafika na Dimitri wake. Alisikia maneno yetu inazunguka mu muji, alikuja kulinda kiti. Na nyuma ya bote, mama moja muzee, kitambaa ku kichwa, beseni ya mifupa ya kufundishia mu mikono: dokta Mushiya, mwenye kufundisha mwili ya mutu.

«Simama,» doyen alimuambia Jémima. «Hii kiti iko na mwenyewe.»

«Mwenyewe akuje aniondoe, doyen.»

«Eko hapa!» Tata Kalumba alisema, alimusukuma Dimitri mbele. «Enda ku kiti yako!»

Dimitri alisimama katikati ya sali. Mutoto murefu, shati ya bei, jasho. Nilikuwa nimemuchukia siku zote zile, lakini pale nilimuona ni mutoto tu. Aliangalia Jémima, aliangalia bale batoto bote.

«Doyen,» alisema, «mi nilianguka. Rezo haikukosea. Sina diplome, siwezi kuikala hapa.»

«Nyamaza!» baba yake alipiga kelele.

«Papa, poda ulinimwangia we. Mi sikuiomba.»

Alitoka. Hakukimbia, alitembea tu, na baba yake alimufuata kule inje na ile kelele yake yote, niliisikia mpaka gari ilifunga milango.

Sasa doyen alibaki na kiti yenye haina mwenyewe na mutoto mwenye hana jina mu daftari. Alishusha sauti, lakini madirisha haina vioo, nilisikia yote: «Jémima, usinishushe mbele ya batu. Mutihani kidogo, maswali kumi tu, leo, na ninaandika jina yako mu daftari.»

Ku dirisha, nilikuwa karibu kupiga kelele: ukubali, mutoto, ukubali! Kweli ya Mungu, maneno ilifika mpaka ku meno. Niliyauma. Nilikumbuka bwana yangu na kofia yake mu mukono.

«Basi tuandike bote,» Jémima alisema, na sauti kubwa yenye ilifika ku mulolongo ya mwisho. «Na mi nitaikala wa kwanza.»

Doyen aliangalia sali. Bale batoto ba maprefe balianza kutafuta kalamu chini ya meza, bengine balifunga kamba ya biatu yenye ilikuwa imefungwa. Hakuna hata moja mwenye alisema ndiyo.

Dokta Mushiya aliweka beseni yake juu ya meza, mifupa iligongana.

«Doyen, saa yangu inapita. Mi nilikuja kufundisha, sikukuja kulinda biti.»

«Jina yake haiko mu daftari, dokta.»

«Daftari ni kazi ya biro. Mwenye aliikala, nitamufundisha.» Aliinua mufupa moja murefu, ya paja. «Hii inaitwa nini? We, musichana ya kiti.»

«Femuri, dokta. Ya kushoto,» Jémima alisema.

«Ya kuume. Andika.»

Doyen alitoka. Mi nilicheka peke yangu pale ku dirisha, nilicheka na machozi, mpaka muzamu alikuja kuniuliza kama niko mugonjwa.

Munazani iliisha pale? Hapana. Biro haikukubali kushindwa kwa wepesi vile. Kila asubuhi Madame Stéphanie alikuja na ile daftari yake, kila asubuhi aliita: «Kalumba Dimitri.» Na kila asubuhi: «Beya Jémima. Niko.» Alitaka kumuchokesha. Banafunzi kwanza balicheka, kisha baliacha kucheka, kisha balianza kungojea ile saa, kalamu mu mikono. Dimitri, banasema, alienda Likasi kujifunza mekanik, na eko na furaha. Prefe Ruffin alinitumia mutu kuomba foto ya Jémima na poda, abandike ku mulango ya masomo yake. Nilimutumia jibu yenye siwezi kurudilia hapa, kuko batoto.

Na mi? Mi nilihamisha meza yangu. Nilitoka soko ya Kasulo, nilipanga samaki mbele ya mulango ya fakulte, na mafuta yangu, na moshi yangu, upande wenye upepo inaenda ku biro ya doyen. Muzamu alisema ni kukatazwa. Nilimuuliza anataka kipande gani, kichwa ao mukia. Alichagua mukia, na tukaishi na amani. Kutoka pale, madirisha bila vioo, nilikuwa ninasikia majina yote ikiitwa. Nilikuwa ninazima sauti ya bakliya: munyamaze, mutoto yangu anaitwa. Banauliza: lakini banaita jina ya kijana? Ninajibu: ngojeni tu.

Mvua ilianza, majuma ilipita. Asubuhi moja Madame alikuja na daftari mupya. Nilimuona anapita na mwavuli yake, hakunisalimia, lakini si kama siku zote. Alitembea sawa mutu mwenye doyen alimutuma kitu hataki. Alianza kuita majina. Alifika pale.

«Beya Jémima,» alisema, mbio mbio na sauti ya chini, sawa mutu anatema mufupa ya samaki.

Niliacha kijiko mu mafuta. Na mutoto yangu, mwenye siku zote anajibu mbele hata jina imalizike, hakujibu. Niliinuka, nilienda ku dirisha. Alikuwa pale pale mu kiti, mikono juu ya meza, anamuangalia Madame, anangojea.

Madame aliinua macho. Alimuona muzuri sana, mbele yake. Ilibidi aite tena, na safari hii na sauti ya kweli, mpaka mi niliisikia, na muzamu ku mulango, na doyen kule juu mu biro yake:

«Beya Jémima!»

«Niko, Madame. Tangu siku ya kwanza.»